Glo plagi ya moto, ya kati au ya baridi: ipi ikae kwenye nitro yako?

Siku ya kwanza natafuta glo plagi ya gari la rimoti la nitro, yaani lenye injini ndogo inayokula methanoli iliyochanganywa na nitromethani, niliingia duka la spea la kawaida kabisa, nikamwambia muuzaji nataka glo plagi, akaniuliza "ya Hilux au ya Hiace?" Nilicheka sana ila wala hakukosea, maana kwa mafundi wetu glo plagi ni hita plagi ya dizeli, ile inayokula betri ya volti 12 asubuhi injini ikiwa imelala. Ya kwetu ni mdudu mwingine. Ni ndogo kuliko kifundo cha kidole, inafunguliwa kwa spana namba 8, na ndani ina waya mwembamba wa platinamu uliosokotwa kama springi ya kalamu. Unaipa volti 1.2 hadi 1.5 wakati wa kuwasha tu, waya unakuwa wa rangi ya chungwa, injini ikishika unatoa kibetri na inaendelea yenyewe bila umeme wowote.

Inaendeleaje? Mvuke wa methanoli ukigusa platinamu ya moto unaleta joto wenyewe pale kwenye waya, ongeza joto la kompresheni, ongeza na joto la mlipuko uliopita, basi waya haupoi mpaka mzunguko unaofuata. Hii ndo sababu injini ya nitro haina taiming ya kufunga kwa spana. Plagi ndo taiming. Waya ukitunza joto jingi mafuta yanawaka mapema, ukitunza joto kidogo yanachelewa, na ugomvi wote wa "nunua ya moto", "hapana nunua ya baridi" unatokea hapo. Kwa hiyo ukisikia plagi ya baridi usifikirie kitu cha kushika kwa mkono, zote zitakuunguza vizuri tu, maana yake ni kwamba waya wake, mara nyingi mnene kidogo, unapoteza joto haraka kuliko wa mwenzake.

Kabla ya yote: tundu lako ni standadi au tabo?

Hapa hakuna kuchagua, hapa ni kuangalia. Plagi ya standadi ina thredi zilizonyooka na inakaa juu ya washa ya kopa. Plagi ya tabo ina kitako cha mviringo uliochongoka kama koni kinachokaa kwenye koni mwenzake ndani ya hedi, haina washa, na thredi zake ni nyingine kabisa. Haziingiliani. Na neno tabo lisikuzuzue, hakuna tabo yoyote pale ya kusukuma hewa, ni jina tu, faida yake ni kwamba inaziba vizuri na inaacha chumba cha kuchomea kikiwa laini bila vikona vikona. Ukitaka kuhama kutoka moja kwenda nyingine unabadilisha hedi, au ile batani, kipande cha ndani ya hedi kinachobeba plagi, kama yako inatenganishwa.

Kwa makadirio tu: injini nyingi ndogo na za magari yanayouzwa tayari kukimbia zinatumia standadi, TRX 3.3 ya kampuni ya Traxxas kwa mfano inataka standadi ndefu, wakati injini za cc 3.5 za buggy (magari ya kukimbiza kwenye vumbi) za mashindano karibu zote ni tabo. Hiyo "ndefu" pia iangalie. Fupi kwenye tundu la ndefu inaacha kashimo kanakobadilisha mlipuko, ndefu kwenye tundu la fupi inaweza kuchungulia ndani kabisa mpaka ikabusu pistoni, na busu hilo utalilipia. Zipo pia za ndege za rimoti zenye kikingo kidogo kilichopita mbele ya waya, hizo waachie wenye ndege.

Washa ya kopa ni moja tu, sio mbili, na sio sifuri. Inadondokaga kwenye majani halafu mtu anafunga plagi bila washa anashangaa injini haina nguvu. Ukiwa na wasiwasi weka tone la mafuta kuzunguka plagi afu zungusha injini, ukiona vipovu ujue inavuja.

Vitu vya kupimia

Sasa tukishajua tundu, tunabaki na moto wa plagi, na mimi napimaga kwa mambo manne.

Ukubwa wa injini. Injini ya .12 (inchi za ujazo) ni kama cc 2.1, .15 ni kama 2.5, .21 ni 3.5, .28 ni kama 4.6. Ndogo inatengeneza joto kidogo ndani ya chumba kwa hiyo inataka plagi inayotunza joto, kubwa inajipasha yenyewe kwa hiyo inavumilia ya baridi.

Nitro kwenye mafuta. Ikipanda mafuta yanawaka kwa urahisi na mapema zaidi, kwa hiyo unashuka kwenda kwenye ubaridi. Hapa kuna mtego wa video: Mmarekani anakushauri plagi akiwa anamimina asilimia 20 mpaka 30 na kitu, wakati tangu 2021 Umoja wa Ulaya umezuia raia wa kawaida kupata mafuta yenye nitromethani zaidi ya asilimia 16 kwa uzito bila kibali, kwa hiyo Mjerumani anayekushauri plagi yuko kwenye 16. Wote wanasema kweli, ila kila mmoja kwa galoni lake. Soma galoni lako.

Hewa ya mahali ulipo, yaani joto na mwinuko. Na mwisho matumizi, maana mtu anayechezea uwanjani na watoto Jumapili na mtu anayekimbiza dakika 30 bila kuzima hawana shida moja.

Plagi ya moto

Kuwasha: hapa haina mpinzani. Hata kibetri chako kikiwa kimechoka kidogo inashika, na sailensa, yaani injini ikizunguka bila kuguswa triga, inatulia, gari linasimama linanguruma taratibu wakati unaongea na watu. Kwa injini ya .12 au .15 yenye nitro ya 16 hii ndo nyumbani kwake, na asubuhi za baridi pia. Wengi wanaitumia au ya kati wakati injini mpya inalainishwa, maana wakati huo mafuta unayafungulia mengi makusudi na waya unahitaji nguvu ya kutokuzimwa na maji maji hayo.

Kasi ya juu: tatizo liko huku. Iweke kwenye 3.5 yenye nitro 25 saa saba mchana Dar, vuta triga mpaka mwisho kwenye mnyoosho, utasikia mlio umebadilika, badala ya kulia kwa sauti moja unakuwa kama mtu anakaanga vitunguu kwa mbali. Mafuta yanawaka kabla pistoni haijafika mahali pake, yanaisukuma inakotoka. Joto linapanda, nguvu inashuka. Watu wengi wanatibu kwa kufungua sindano ya kabureta mafuta yawe mengi, mlio unapotea kweli, ila na kasi inapotea nayo, afu wanasema injini ya Mchina haina nguvu.

Maisha yake: kwenye injini inayoitaka inakaa vizuri. Kwenye injini isiyoitaka waya unajikunja au unakatika siku hiyo hiyo. Mfano wa ya moto ya standadi inayojulikana sana ni McCoy MC-59.

Plagi ya kati

Kuwasha: kibetri kikiwa na chaji, mara mbili tatu za kuvuta imeshika. Sailensa nzuri kama umetuni vizuri, na hilo "kama" ndo lenyewe, ya kati haifichi makosa yako sana kama ya moto.

Kasi ya juu: haina mlio wa kukaanga kwenye mafuta ya 16 mpaka 25 kwenye injini nyingi, na joto la hedi linakaa kule kwenye nyuzi 105 hadi 130 ambako injini nyingi zinapenda kuwa. Kama huna kipima joto cha kulenga, tone la maji juu ya hedi karibu na plagi linakupa picha, likichemka taratibu sekunde tatu nne uko salama, likitoweka kwa "tss" moja zima pumzisha.

Maisha yake ni marefu, na kitabu cha injini kwa gari la kuchezea mara nyingi kinataja hii. Namba 8 ya standadi ya kampuni ya O.S. iko kundi hili, plagi ya Traxxas ya TRX 3.3 nayo ni ndefu ya kati. Sio kwamba ndo bora kwa wote, mwenye .28 na nitro 30 kwenye joto ataiona inapigwa, na mwenye .12 kwenye baridi ataiona inasinzia. Ila inamfaa sana mtu ambaye bado anajifunza kutuni, kwa sababu ukibadilisha sindano na plagi kwa pamoja huwezi kujua kipi kimeleta nini.

Plagi ya baridi

Hii nitakaa nayo kidogo kwa sababu ndo inayopendwa na watu wasioihitaji, mimi nikiwa mmojawapo.

Nina buggy ya 3.5, mafuta ya 25, na Februari ile Dar inavyokuwa nilikuwa nimeitia P8 ya O.S. na inakwenda kama wazimu. Kasi ya juu plagi ya baridi ndo raha yake, mafuta yanachelewa kuwaka kidogo, injini inavuta mpaka juu kabisa bila kukaanga, joto linatulia. Julai nikapanda nayo Arusha kwa ndugu. Asubuhi, sweta, ukungu, watoto wa jirani wamejipanga ukutani wanasubiri onyesho. Navuta mara ya kwanza, ya tano, ya kumi. Inashika! Natoa kibetri, inakufa. Narudisha, inashika, natoa, inakufa. Mtoto mmoja akasema "anko, yako ni ya kusukuma?" Sikumjibu.

Nilipofungua plagi waya ulikuwa unang'aa na umeloa kama umetoka kuoga. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa nyepesi, sindano bado iko ya Dar, kwa hiyo kwa hewa ile mafuta yalikuwa mengi na yalikuwa yanazima waya ambao tayari ni wa baridi, kwenye hedi ambayo nayo ni ya baridi. Nikafunga sindano kidogo kidogo, kila mara kama mshale wa dakika unavyosogea dakika tano, ikawa afadhali lakini sailensa bado inakohoa. Nikatoa P8 nikaweka P6, ya moto kuliko hiyo. Ikashika, nikatoa kibetri, ikabaki inalia. Kasi ya mwisho haikuwa ile ya Dar na isingekuwa, hewa yenyewe ni haba, lakini nilicheza siku tatu bila kuvuta kamba mara ishirini ishirini.

Kwa hiyo kuwasha: inataka kibetri chenye chaji kamili na injini iliyopashwa, wa mashindano wengine wanaipasha hedi kabisa kabla. Sailensa: inataka sindano ya chini, ile ya mwendo mdogo, iwe sawasawa, mafuta yakizidi inazima kwenye kona. Maisha: kwenye injini kubwa yenye nitro nyingi inadumu kuliko ndugu zake kwa sababu haichomwi. Inamfaa mwenye .21 kwenda juu, nitro 25 kwenda juu, joto kali, na anayejua kutuni. Asiyejua itamfundisha kwa viboko.

Namba hazihamishiki

Jambo moja linawapoteza watu wengi. Namba 8 ya O.S. ya standadi ni ya kati. P8 ya O.S. hiyo hiyo, ya tabo, ni ya baridi. Kampuni moja, namba moja, moto tofauti. Ndani ya tabo zao P3 ni ya moto kupita zote na unavyopanda kwenda P8 ndo unashuka joto, Novarossi nao kwenye tabo zao namba kubwa ni baridi zaidi, lakini 6 ya huyu usiichukulie ni 6 ya yule. Ukihama kampuni soma pakiti, imeandikwa maneno, sio namba tu.

Muulize plagi yenyewe

Kabla hujatoa hela ya plagi nyingine, ifungue iliyopo baada ya kukimbiza kwa kasi, usiiache ikae sailensa kwanza, bana mpira wa mafuta izime pale pale. Waya unang'aa kama mpya na umeloa: mafuta mengi, funga sindano kwanza. Waya una rangi ya kijivu kufifia lakini umbo lake liko vile vile: uko pazuri, acha kugusa. Waya umejikunja, umesogea upande mmoja au umekatika: ama mafuta ni machache mno, ama plagi ni ya moto mno kwa injini hiyo, anza na sindano afu ndo ushuke hatua moja ya ubaridi. Ukiona chembe za chuma zimeganda kwenye waya, na injini sio mpya, hiyo sio habari ya plagi tena, beringi au konrodi inaaga. Kwa injini mpya chembe kidogo wakati wa kulainisha ni kawaida, ndo maana plagi ya kulainishia inatupwa, unaanza maisha na nyingine.

Kipimo kingine ninachokipenda hakina hela: injini ikiwa ya moto, iko sailensa, toa kibetri na sikiliza. Mlio usipobadilika plagi inafaa. Ukishuka wazi wazi, plagi ni ya baridi mno, au imezeeka, au mafuta ni mengi. Ya kuzeeka utaijua ukiichomeka kwenye kibetri nje, waya mzima lazima uwake chungwa, ukiwaka nusu tu au wekundu wa kufa kufa, tupa. Wenye Traxxas ya EZ-Start mna taa ya plagi kwenye kile kiboksi cha kuwashia, isipowaka anzeni kuchunguza plagi na waya wake, msiendelee kubonyeza.

Na jamani volti. Kuna dogo alinunua plagi tatu za tabo kwa hela yake ya kuosha magari, akachukua seli ya betri ya laptopu, ile ya volti 3.7, akagusisha moja kwa moja. Kalitoka kamwanga keupe kazuri, nusu sekunde. Akadhani plagi ni mbovu akagusisha ya pili. Ya tatu niliwahi.

Sasa wewe uko wapi?

Una gari la kununua tayari, injini ya .15 mpaka .18, unachezea tu, mafuta ni yoyote unayopata kati ya 16 na 20: nenda na iliyotajwa kwenye kitabu, uwezekano mkubwa ni ya kati, nunua mbili, na ukiona inazima sana sailensa hata baada ya kutuni ndo ujaribu ya moto zaidi kwa hatua moja.

Una .12 ya barabara ya lami na uko Nairobi, kule kwenye kama mita 1,795, au Arusha, Mbeya, Iringa, na mafuta yako ni 16: anzia upande wa moto. Ukishuka nayo Mombasa au Dar likizo usisahau hewa imekuwa nzito, fungua sindano kidogo kabla ya kuvuta triga mpaka mwisho, na ukisikia kukaanga rudi kwenye ya kati. Mafuta yenyewe usiyatie kwenye begi la ndege, ni methanoli na nitromethani hayo.

Una .21 ya buggy, nitro 25, Pwani: kati ya kati na baridi. Ukiwa unacheza dakika tano tano na kusimama sana, ya kati itakupa amani. Ukiwa unakimbiza tangi baada ya tangi, ya baridi, ila kaa na ya kati mfukoni kwa siku ya mvua na mawingu.

Injini ni kuukuu, kompresheni imechoka, unaizungusha kwa mkono unaona haina ubishi pale juu: ya baridi haitakuwakia, ya moto itakununulia wiki kadhaa za kucheza huku unatafuta hela ya pistoni na silinda.

Na kama yule binamu yangu wa Maskati, mchana wa kiangazi nyuzi 40 na kitu, injini ya 4.6 na nitro 30, basi ni ya baridi, sindano imetuniwa kwa joto hilo, maji ya kunywa, na acheze jua likishazama. Juzi kaniandikia eti gari linamzimia kwenye kona, nikamwambia atoe kibetri asikilize, akasema mlio umeshuka, nikamwambia atume picha ya waya. Umeloa. Alikuwa kafungua sindano mzunguko mzima.